Risasi mbili na mlango mmoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu taharuki kwenye gemu za kutisha

Ukurasa huu unahusu gemu za kutisha za kunusurika, yaani zile ambazo adui wana nguvu kukuzidi, vifaa ni haba, na kazi yako ya kwanza ni kutoka ukiwa hai. Mifano mingi inatoka Resident Evil, Silent Hill, Amnesia na Alien: Isolation, kwa kuwa humo kanuni za uchezaji zinaonekana waziwazi. Baadhi ya matukio ya katikati yametajwa, lakini mwisho wa hadithi hakuna uliofichuliwa.

Kwani kinachotisha si zimwi lenyewe?

Kwa dakika chache za mwanzo, ndiyo. Baada ya hapo macho huzoea. Zombi wa Resident Evil ya 1996 ukimtazama leo ni vipande vya pembetatu vilivyopakwa rangi, na anatembea polepole kiasi kwamba mtoto angemkwepa uwanjani. Lakini wewe hauko uwanjani. Uko kwenye korido nyembamba, umeumia, dawa imebaki moja, na mlango unaoutaka uko nyuma yake.

Zimwi ni kisingizio tu. Kinachokubana ni gharama: kila unachofanya kinakula kitu ambacho utakihitaji baadaye, na unalazimika kuamua kabla hujapata taarifa za kutosha. Ndiyo maana gemu ya zamani yenye picha mbovu inaweza kukutoa jasho, na gemu mpya yenye mazimwi yaliyochorwa hadi vinyweleo ikakuacha unapiga miayo.

Kushtuka na taharuki vina tofauti gani?

Kushtuka ni kitu kimeruka, moyo umepiga, kimeisha. Taharuki ni zile dakika tano ambazo unajua kitu kitaruka na hujui lini.

Mfano mzuri uko ndani ya mfululizo mmoja. Katika Resident Evil ya 1996 unapita kwenye korido yenye madirisha, na mbwa anavunja kioo na kuingia. Watu waliruka vitini, na bado wanaisimulia. Capcom, watengenezaji wake, walipoitengeneza upya mwaka 2002 walijua kwamba wachezaji wa zamani wanalisubiri tukio hilo. Kwa hiyo unapopita mara ya kwanza, kioo kinapasuka ufa tu. Hakuna mbwa. Unaendelea na safari ukiwa na deni moyoni, maana unajua utarudi kwenye korido ileile. Kwangu mimi ule ufa ni kazi bora kuliko mbwa.

Kwa nini risasi chache zinatisha kuliko kutokuwa na silaha kabisa?

Ukibakiwa na MB 50 za bando na mwisho wa mwezi bado, kila video unaifikiria mara mbili. Zikiisha kabisa, unazima data na kuendelea na maisha. Mwenye risasi chache ana la kuamua. Asiye nayo anakimbia tu.

Tuangalie hesabu yenyewe. Bastola ya mwanzo ya Resident Evil ya kwanza inaingia risasi 15. Zombi mmoja anaweza kumeza tano, sita au zaidi kabla ya kulala, na idadi haitabiriki, kwa hiyo huwezi kupanga bajeti kamili. Sasa weka mazombi wawili kwenye korido moja. Ukiwaua wote, magazini imekaribia kukauka lakini njia imesafishwa, na njia hiyo utaipita tena na tena kwa sababu jumba zima limejengwa kwa mtindo wa kurudi ulikotoka: ufunguo uko mashariki, mlango wake uko magharibi. Ukiwakwepa, risasi zinabaki kwa ajili ya kitu usichokijua huko mbele, ila kila utakaporudi watakuwa wanakusubiri, na ipo siku utakwepa vibaya.

Hakuna jibu sahihi hapo, na gemu haikupi. Baya zaidi, matokeo hayaonekani papo hapo. Unaweza kupoteza risasi sita saa ya kwanza na kuzilipia saa ya nne.

Toleo la 2002 likatonesha kidonda. Zombi uliyemuangusha habaki maiti milele. Usipompasua kichwa au kumchoma moto, baada ya muda anaamka akiwa mwekundu, ana makucha, na safari hii anakimbia. Kumchoma kunahitaji mafuta, mafuta yanabebwa kidogo kidogo, na chupa yake inakula nafasi kwenye begi. Kwa kanuni moja tu, hata ushindi wako umegeuka kuwa jambo la kuhangaikia: unapita juu ya mwili sakafuni na kujiuliza umelala hapo tangu lini.

Begi dogo linasaidia nini zaidi ya kuudhi?

Linaudhi, na ni sehemu ya kazi yake. Katika Resident Evil ya kwanza unachagua mmoja wa wahusika wawili: Chris ana nafasi sita, Jill nane. Bastola imechukua moja, risasi moja, dawa moja, ufunguo mmoja. Ukikuta kitu kipya na begi limejaa, ama unakiacha, ama unatumia dawa ambayo hukuihitaji bado, ama unarudi kwenye sanduku la kuhifadhia ukipita tena kwenye korido zilezile.

Kwa maneno mengine, begi dogo ndilo linalogeuza kila safari kuwa dau. Ukiondoka na silaha nyingi, huna pa kuweka utakachookota. Ukiondoka mtupu uokote vingi, omba usikutane na mtu. Signalis, iliyotoka mwaka 2022 na kutengenezwa na watu wawili tu nchini Ujerumani, ilishikilia nafasi sita bila huruma, na wachezaji wakalalamika sana. Nafikiri walalamikaji walikuwa na haki kidogo: pale ambapo hatari imekwisha na kilichobaki ni kubeba vitu kutoka chumba hadi chumba, kanuni hiyo haileti tena hofu, inaleta uchovu.

Kwa nini baadhi ya gemu hazikuruhusu kusevu popote?

Kwa sababu hofu inahitaji kitu cha kupoteza. Mhusika kwenye skrini hafi kweli, na kila mtu analijua hilo. Kinachoweza kufa ni dakika zako arobaini. Ukisevu kila hatua, kifo kinakugharimu sekunde tatu.

Resident Evil za mwanzo zilitumia taipureta na tepe za wino. Kila kusevu kunakula utepe mmoja, tepe ni za kuokota, na zenyewe zinachukua nafasi kwenye begi. Unafika kwenye taipureta ukiwa umeokota funguo mbili na kupoteza nusu ya afya. Usevu sasa, au uchungulie chumba kimoja zaidi? Resident Evil 2 ya 2019 inasevu yenyewe kwenye ugumu wa kawaida, na imeacha tepe kwa wanaochagua ugumu wa juu. Huo ni uungwana: anayetaka kubanwa abanwe.

Alien: Isolation ya mwaka 2014 ilikwenda mbali zaidi. Unasevu kwenye kifaa kilichofungwa ukutani. Unachomeka kadi, kisha unasimama umeganda, mgongo wako ukiwa wazi, ukisubiri taa ziwake moja baada ya nyingine. Zimwi linaweza kukuua ukiwa hapohapo. Gemu ikiona kuna adui karibu inakuonya, halafu inakuachia uamuzi. Sekunde zile za kusubiri hazina zimwi, hazina damu, na huenda hakuna kitakachotokea. Lakini waulize walioicheza wakuambie ni sehemu gani iliwafanya waache kupumua.

Na zile kamera za ajabu na uendeshaji mgumu? Si ulikuwa udhaifu wa mashine za zamani?

Vyote viwili. Alone in the Dark, gemu ya Kifaransa ya mwaka 1992, tayari ilikuwa na kamera zilizokaa pembeni, na Resident Evil ikafuata njia hiyo. Mandhari zilikuwa picha zilizochorwa kabla, kwa hiyo PlayStation ilibakiza nguvu zake kwa wahusika na mazombi. Sababu ilikuwa ya kiufundi.

Ila angalia ilichozaa. Kamera iko kwenye kona ya dari, mhusika wako anatazama upande ambao wewe huuoni. Unasikia nyayo zinaburuzwa. Yeye yuko mita mbili kutoka kwa zombi na pengine anamwona, wewe humwoni. Unalazimika kupiga hatua moja mbele ili kamera ibadilike, na hatua hiyo inaweza kukupeleka mikononi mwake.

Uendeshaji nao, ule ambao kitufe cha juu kila mara ni mbele kwa mhusika, haukuwekwa kwa ukatili. Kamera inaruka kutoka kona hadi kona. Kama mwelekeo ungefuata kamera, ungejikuta umegeuka kila picha inapobadilika. Gharama yake ni kwamba kugeuka kunachukua muda, na mtu mwenye hofu hugeuka vibaya. Wapo wanaosema bila uendeshaji huo hakuna hofu. Siafikiani nao. Resident Evil 2 ya 2019 inaendeshwa kwa ulaini na bado inakaba koo.

Kwa nini mlango wa Resident Evil za mwanzo unafunguka polepole hivyo?

Ili mashine ipate muda wa kupakia chumba kinachofuata. Watengenezaji wangeweza kuweka maandishi ya kusubiri. Wakaweka mlango, giza na mlio wa bawaba. Amnesia: The Dark Descent ya 2010 ikaufanya mlango kuwa wa mkononi: unaushika kwa kipanya na kuuvuta, kwa hiyo unaweza kuufungua upenyo mdogo uchungulie. Pia unaweza, ukiwa unafukuzwa, kuusukuma upande usio wake.

Sauti ina nafasi gani?

Kubwa kuliko picha, kwa maoni yangu, mradi sauti hiyo iwe ni taarifa. Muziki wa kutisha unaopigwa muda wote hauna taarifa. Baada ya nusu saa huusikii tena.

Silent Hill ya 1999 ndiyo darasa. PlayStation haikuweza kuchora mji mzima kwa mbali, wakauzamisha kwenye ukungu na giza. Halafu wakampa mchezaji redio ya mfukoni inayokoroma kila kiumbe kinapokaribia. Redio inakuambia kipo. Haikuambii kiko wapi, ni kimoja au ni vitatu. Tochi inakusaidia kuona lakini inakuanika, kwa hiyo kuna mahali unaizima kwa hiari yako na kutembea gizani ukisikiliza mkoromo. Mhusika mwenyewe, Harry Mason, ni baba wa kawaida anayemtafuta mtoto wake. Anakosa shabaha na anahema akikimbia.

Kifaa cha kutambua mwendo cha Alien: Isolation ni ukoo huohuo. Kinaonyesha nukta, lakini hakikuambii kama nukta hiyo iko sakafuni au juu ya kichwa chako kwenye mabomba ya hewa. Na ukikiinua kukisoma, mandhari iliyo mbele inafifia. Lazima uchague uangalie nini.

Kuna na suala la lugha. Wanakijiji wa Resident Evil 4 ya 2005 wanapiga kelele kwa Kihispania, na asiyekielewa anasikia vitisho tu, wakati anayekielewa anajua kabisa wanapanga kumzunguka kwa nyuma. Resident Evil 5 ya 2009 ikawaita adui wake Majini na kuwapa Kiswahili, katika nchi ya kubuni ya Afrika Magharibi! Kwa msikilizaji wa huku kwetu hofu inageuka kicheko, hasa kwa lafudhi ile. Adui unayemwelewa amekwisha kupoteza nusu ya silaha zake.

Gemu zisizo na silaha kabisa zinafanyaje, kama risasi chache ndizo zinazobana?

Zinatafuta uhaba mwingine. Amnesia haina silaha, lakini ina mafuta ya taa. Ukikaa gizani, akili ya mhusika inaanza kuyumba, picha inapinda, meno yanasagika. Ukiwasha taa, viumbe wanakuona na mafuta yanaisha. Ukijificha gizani hawakuoni, ila akili inaendelea kuteketea. Na ukimtazama kiumbe moja kwa moja, inateketea haraka zaidi. Hiyo ya mwisho naipenda sana: gemu inakuadhibu kwa kutaka kujua, kwa hiyo unageuzia uso ukutani na kubaki kusikiliza.

Outlast ya 2013 ilichukua kamera ya video yenye uwezo wa kuona gizani na kuifunga kwenye betri. Hapo hesabu ni rahisi mno, na baadaye inachosha kidogo, maana uamuzi ni uleule: washa, zima.

Tatizo la aina hii ni kwamba kujificha kabatini kunaweza kuwa tiba ya kila kitu. Ikishakuwa hivyo, taharuki inakufa na kinachobaki ni foleni. Alien: Isolation ilijua hilo: zimwi linakuja kunusa kabati lako, unalazimika kurudi nyuma na kuzuia pumzi, na ukiizuia sana unaumia.

Zimwi linalonifuata linajua nilipo, au linabahatisha?

Inategemea, na kwa zimwi la Alien: Isolation jibu ni zuri. Kuna akili mbili. Moja ni ya zimwi lenyewe: ina macho na masikio, na haijui ulipo mpaka ikuone au ikusikie. Nyingine iko juu, kama mwongozaji: inajua ulipo muda wote, lakini humnong'oneza mwenzake eneo la jumla tu. Mwongozaji huyo pia hupima umebanwa kiasi gani. Ukibanwa muda mrefu, analivuta zimwi lirudi kwenye mabomba upumue. Ukistarehe sana, analirudisha.

Ni udanganyifu, lakini wa haki, kwa sababu mwishowe zimwi linakutafuta kwa hisia zake, na wewe unaweza kuzipotosha: tupa kitu kipige kelele upande ule, pita upande huu.

Mr. X, jitu linalokufuata katika Resident Evil 2 ya 2019, ni rahisi zaidi. Anatembea tu. Unamsikia ghorofa ya juu, buti zake nzito zikipiga sakafu, na unajifunza kukadiria umbali kwa sikio. Unaweza kumwangusha kwa muda kwa risasi nyingi; kumuua, hapana. Athari yake hasa ni kwamba anavunja mipango yako yote. Mazombi ambao ungewazunguka taratibu sasa unapaswa kuwapita kwa haraka, na fumbo ambalo ungelitatua kwa utulivu unalitatua huku buti zinakaribia. Ndiyo maana chumba cha kusevu, chenye muziki wake wa upole, kinakuwa kitamu. Bila kumbi za kupumulia, mchezaji anakufa ganzi na hatishiki tena.

Je, inawezekana kutisha mtu ambaye amekaa tu kitini?

Five Nights at Freddy's ya 2014 ilijibu hilo. Wewe ni mlinzi wa usiku, huondoki kwenye chumba chako. Una milango miwili, taa, kamera za ulinzi, na umeme unaohesabiwa kwa asilimia. Kufunga mlango kunakula umeme. Kuangalia kamera kunakula umeme. Lazima ufike saa 12 asubuhi. Kila njia ya kujua hatari iko wapi inapunguza uwezo wako wa kuizuia, na umeme ukiisha milango inafunguka yenyewe. Gemu nzima ni hiyo.

Kwa nini nikirudia mara ya pili haitishi tena?

Kwa sababu sasa una bajeti. Unajua risasi ziko wapi na bosi, yule adui mkubwa, anahitaji ngapi. Baadhi ya gemu hujilinda kwa kurekebisha ugumu kimyakimya: Resident Evil 4 hulegeza ukifa mara nyingi na hukaza ukicheza vizuri. Nyingine, mfano Alien: Isolation, haziandiki ratiba ya zimwi kabisa.

Hofu ikitoka, kinachobaki mara nyingi ni raha ya upangaji, na wengi huzirudia gemu hizi kwa kushindana na saa. Si hasara.

Nataka kutengeneza yangu. Nianze wapi?

Usianze na zimwi. Chukua programu ya bure ya kutengenezea gemu kama Godot, chora vyumba viwili na korido moja kwa maboksi ya kijivu. Weka adui watatu, kila mmoja anaanguka kwa risasi mbili. Mpe mchezaji risasi nne. Weka ufunguo chumba cha mwisho na mlango wa kutokea chumba cha kwanza, ili apite korido mara mbili.

Tayari una gemu ya kutisha. Mmoja kati ya watatu lazima abaki hai, na mchezaji ndiye anayechagua yupi. Mkalishe rafiki aicheze, wewe usiseme kitu, mwangalie anaposimama. Akisimama mlangoni akihesabu, umefanikiwa. Akipita mbio bila kuwaza, korido ni pana mno au adui ni wazembe mno. Akikasirika na kuacha, pengine hakuiona ile njia ya kukwepa. Tatizo ni taa na nafasi, si idadi ya risasi.

Kisha ongeza kanuni moja, moja tu, na umwite tena. Sauti ya nyayo kabla adui hajaonekana ni pazuri pa kuanzia. Usionyeshe afya kwa namba. Resident Evil iliridhika na mchoro wa mapigo ya moyo na mhusika anayeshika tumbo na kuchechemea, kwa hiyo mchezaji hana uhakika kama atastahimili kung'atwa mara moja zaidi.

Sina kompyuta wala PlayStation. Kuna cha kuchezea kwenye simu?

Granny, iliyotoka mwaka 2017, ni ya bure na haihitaji simu kali. Umefungiwa ndani ya nyumba, una siku tano, na bibi mwenye nyumba anasikia kila kitu: ukiangusha kitu anakuja, ukikanyaga ubao unaolia anakuja. Picha ni za kawaida sana. Vaa spika za masikioni, na ukitaka kuweka kitu chini, kiweke mbali na pale unapotaka kujificha.